Manjano Yatoke

Mimi si muosha maiti. Naanza na hilo kwa sababu nimechoka kulieleza, na nikisema nimechoka namaanisha kuchoka kwenyewe, kule kwa mtu kukuita kutoka ng'ambo ya barabara, "Muosha, umeamkaje?" na wewe ukaitika tu, kwa sababu kukataa kunachosha zaidi. Mimi ni mpiga picha. Jina langu Zuhura, nina chumba changu nyuma ya stendi ya Kibiti, cha picha za pasipoti na vitambulisho na za watu wanaotaka kusimama mbele ya pazia lenye maporomoko ya maji, na sijawahi kumwosha maiti hata mmoja, Mungu anajua. Ila kuna mwali mmoja nilimuua kwa kamera, siku moja kabla ya harusi yake, na ndugu zake wakaja kuzika. Mpaka leo nikiikumbuka aibu ile nikiwa jikoni nasimama na sahani mkononi, nafumba macho, naingoja ipite.

Basi niwaambieni mara moja, kisha msiniulize tena.

Mwali mwenyewe anaitwa Mwanaidi. Wazazi wake ni majirani zangu hapa Kibiti, lakini malezi yote aliyapata kwa bibi yake mzaa mama, Bibi Siwema, kule Mbwera, deltani, ambako ukitaka kwenda kwa jirani wa kisiwa cha pili unaingia kwenye mtumbwi. Bibi huyo miguu ilikuwa imevimba, boti alikuwa haitaki hata kuisikia, na tangu siku ya kwanza alishasema harusini haji na wasimbembeleze. Alichotaka ni mjukuu wake awekwe ndani kama yeye alivyowekwa, apakwe manjano sawasawa, kisha aletewe picha. "Nikiyaona manjano yake, nimeshafika harusini," ndivyo alivyowaambia kwenye simu. Na manjano yenyewe aliyatoa yeye, aliyapanda uani kwake, akayakausha, akayatwanga, akayatuma kwa boti mpaka bandari ya Nyamisati ndani ya kopo la maziwa ya unga.

(Kwa nyie mnaojua vipodozi vya kopo tu: manjano ni bizari ile ile ya mchuzini, inachanganywa na liwa, ule unga wa mti unaonukia, na mafuta, mwali anasuguliwa mwili mzima asubuhi na jioni, majuma kwa majuma, yuko ndani, jua halimwoni, mpaka ngozi inalainika na kuwa na mng'ao ambao siku akitolewa nje watu wanapiga vigelegele kabla hawajauona uso vizuri.) Mng'ao huo ndio heshima ya kungwi. Kungwi wa Mwanaidi alikuwa Bi Somoe, mama mmoja mfupi, mwenye sauti ya chini na macho ya kukuhesabu mbavu, na kwake yeye chumba cha mwali hakiingii kamera. Alikubali kwa ajili ya Bibi Siwema peke yake. Picha iwe moja, mpiga picha awe mwanamke, na mwanamke mwenye kamera ya maana hapa mjini ni mimi.

Sasa ilikuwa Shaabani, na mnajua Shaabani watu wanavyooana, kila mtu anakimbiza kabla ya mfungo. Juma zima nilikuwa barabarani, leo harusi Mtunda, kesho Ikwiriri, nimekula pilau mpaka nalichukia, kiuno kinaniuma, macho yamejaa mchanga. Ijumaa baada ya swala nikatoka dukani kwenda kwa kina Mwanaidi kupiga picha moja tu, nirudi nilale. Nimefika mlangoni kwao ndipo nakumbuka kadi yangu nyeupe nimeiacha mezani, karibu na feni.

Kadi nyeupe ni ya nini? Nitawaeleza kwa kifupi maana bila hilo hamtaelewa nilivyoua. Macho ya binadamu yana huruma. Ukiingia chumba chenye taa ya njano, baada ya muda macho yanaizoea, shuka jeupe unaliona jeupe na mtu unamwona kama alivyo. Kamera haina huruma hiyo, njano ikiikuta inaiandika njano, na taa ndefu zile za ofisini inaziandika na ukijani wake, na taa za sola na ubuluu wake. Kwa hiyo kamera zetu zina kitu tunakiita waiti balansi. Unaionyesha kitu cheupe kweli kweli, chini ya taa ile ile utakayopigia, unaiambia cheupe ndicho hiki, rangi nyingine zote zipime kwa hiki. Kamera inatii, kile ilichokuta kimezidi kwenye hicho cheupe inakipunguza kwenye picha nzima. Inatii mno, ndiyo shida yake, ukiidanganya nayo inadanganya kwa bidii.

Kurudi dukani kufuata kadi hakukuwa safari. Ni kuvuka barabara kuu na kupita sokoni. Lakini jua lilikuwa linachoma, ndara yangu imekatika kamba nimeifunga kwa uzi, nikajiambia Zuhura, nyumba ya harusi haikosi kitu cheupe. Hapo ndipo nilipoangukia, jamani. Yote yaliyofuata yalianzia kwenye uvivu wa kuvuka barabara.

Ndani chumba kilikuwa kimefungwa, madirisha yametundikwa kanga, juu inawaka taa moja ya njano. Mwanaidi amekaa mkekani, ameegemea ukuta, amefunikwa shuka jeupe mpaka mabegani, macho ameyashusha chini kama mwali anavyotakiwa, hasemi, hacheki, hamwangalii mtu. Siku chache nyuma alikuwa na homa (na Mbwera walikuwa wameambiwa, hilo likumbukeni), kwa hiyo mashavu yalikuwa yameingia ndani kidogo. Nikapiga ya kujaribu, nikaiangalia kwenye kioo cha kamera. Ilikuwa njano tupu, kama picha iliyotumbukia kwenye mchuzi, ukuta wa njano, mkeka wa njano, mtoto wa watu wa njano.

Bi Somoe alikuwa amesimama nyuma yangu, ananichungulia begani.

"Mwanangu," akaniambia, "mimi nataka kitu kimoja tu. Manjano yatoke."

Nikasema moyoni, mama wa watu naye ameiona njano hii imemkera. Nikamjibu, "Yatatoka, Bi Somoe, ondoa shaka."

"Yatoke sawasawa. Usinifanyie ya haraka haraka."

"Yatatoka mpaka ushangae," nikamwambia, na hilo peke yake ndilo nililotimiza siku ile.

Basi nikatafuta cheupe. Shuka lile hapo, mbele ya macho yangu, jeupe. Nikasogeza kamera mpaka shuka likajaa kwenye kioo, nikaiambia kamera cheupe ndicho hiki, nikarudi nyuma, nikapiga. Sasa shuka lenyewe lilikuwa limelala na mwali majuma yote, amesuguliwa juu yake asubuhi na jioni, limenyonya manjano mpaka kwenye nyuzi. Ungelitoa nje juani ungeliona limeiva kama embe. Ila chini ya taa ya njano, kwa macho yangu yenye huruma na usingizi, lilikuwa jeupe tu. Kamera yangu ikatii. Ikaiondoa njano ya taa, ikaiondoa njano ya shuka, na kwa Mwanaidi ikaondoa kila kitu Bibi Siwema alichotwanga.

Mtaniuliza, hukuiangalia picha? Niliiangalia. Nililiangalia shuka. Lilikuwa limetakata, jeupe pe, sijawahi kupata weupe kama ule chini ya taa ya ndani, nikafurahi jinsi ambavyo mtu aliyechoka hufurahia kitu kimoja kikimwendea vizuri. Uso sikuuangalia. Nilikuwa nimepigania weupe, nikaangalia weupe. Bi Somoe nikamwonyesha, lakini miwani hakuwa nayo, akakisogeza kioo mbali, akakisogeza karibu, akasema shuka limetoka vizuri, mtumie bibi yake.

Nikaihamishia picha kwenye simu. Nikaipunguza ukubwa kwa sababu mtandao wa Mbwera unaujua mwenyewe. Nikamtumia Shamte, mjomba wake Mwanaidi, anayeishi na Bibi Siwema kule kule na ndiye mwenye simu ya kuona picha. Chini yake nikaandika kwa adabu zote: *Mwali wenu huyu. Kesho baada ya adhuhuri tunamtoa. Bibi asisumbuke, atulie tu.* Kisha nikaenda nyumbani, nikazima simu ili nisiitwe harusi nyingine, nikajitupa kitandani jua bado liko juu, nikalala kama gunia.

Yaliyotokea Mbwera nilikuja kusimuliwa na Shamte mwenyewe, na alisimulia bila kunitazama. Picha ilifika. Uso wa majivu, umeingia ubuluu, midomo haina damu, macho yamefumba (yameshushwa, lakini kwa picha ndogo nani atajua), shuka jeupe mpaka mabegani. Mtoto aliyeambiwa alikuwa na homa. Halafu akasoma chini: kesho baada ya adhuhuri tunamtoa. Sasa nyie niambieni, maneno hayo ukiyasoma na uso ule ni ya harusi au ya jeneza? Mwali anatolewa na maiti anatolewa, lugha yetu haikuona haja ya kutenganisha.

Akanipigia, simu imezimwa. Akampigia dada yake, mama Mwanaidi. Simu ikapokelewa na mtu, na wakati huo huo uani wanawake walikuwa wanajaribu nyimbo za kesho, wanapiga vigelegele, na mtandao unakatakata. Kilichomfikia Shamte kule deltani ni sauti nyingi za wanawake, kelele juu ya kelele, halafu kimya. Alipopiga tena haikushika.

Alitaka amfiche mama yake mpaka apate uhakika. Lakini Bibi Siwema alikuwa amekaa barazani tangu asubuhi anaingoja picha hiyo hiyo, amevaa na kanga mpya ya kuipokelea, akamwona mwanawe anakuja na simu ameishika kama kitu cha moto. Akanyoosha mkono. Shamte anasema mama yake hakulia. Aliiangalia picha, akaiangalia tena, akamrudishia simu, akasema:

"Niandalieni boti."

Mimi hayo sikuyajua. Nilikuwa nakoroma.

Kesho yake, Jumamosi, niliamka nimepona kidogo, nikavaa gauni langu la kitenge, nikaenda harusini na kamera shingoni. Uwanja umejaa, turubai limefungwa, maspika yanaunguruma, masufuria yako jikoni, wanaume wamekaa upande wao wanaongea habari za ufuta. Adhuhuri ilishaswaliwa. Mwali alikuwa anakaribia kutolewa, wanawake wamejipanga mlangoni na ngoma zao, nami nimepanda juu ya kiti cha plastiki nimpate vizuri akitoka. Niko juu ya kiti, watu wote wananiona, ndipo kirikuu kimoja, kigari cha mizigo, kilipokata kona kutoka barabara kuu kikaja mpaka ukingoni mwa turubai.

Nyuma ya kirikuu walikuwa wamejaa watu wa Mbwera, wanawake wamejifunga kanga vichwani, wanalia kwa sauti ile ambayo hakuna mtu wa kwetu asiyeijua. Mbele, pembeni ya dereva, Bibi Siwema. Shamte aliruka chini na furushi kwapani. Ngoma zikasita moja moja, maspika yakaendelea peke yake kidogo mpaka mtu akayazima, na palikuwa kimya kwa muda mfupi sana, kwa sababu jirani mmoja wa upande wa jikoni alipowaona watu wa msiba naye akaangua kilio. Hakujua aliyekufa ni nani. Kwetu mtu analia kwanza, anauliza baadaye. Wakaungana wengine wawili watatu, mwiko mkononi, machozi yanawatoka, na wanaume nao wakainuka wote, wakaanza kupeana mikono na dereva wa kirikuu, wanampa pole.

Bi Somoe akatoka ndani.

"Kafa nani?" akauliza.

Shamte akamwangalia kama anadhihakiwa. "Si Mwanaidi."

"Mwanaidi yupi?"

Shamte akampa simu. Safari hii Bi Somoe miwani alikuwa nayo. Akaitazama picha, na mimi kutoka juu ya kiti nikamwona anavyoitazama, nikaona mdomo wake unavyojikaza, na hapo hapo, jamani, kabla hajageuka, nilijua. Ile picha ikanijia kichwani nzima, na mara hii niliuona uso. Simu ikamtoka mkononi ikaenda kwa mama Mwanaidi, ikaenda kwa shangazi, ikapita uwanja mzima, na kila aliyeiangalia aliinua kichwa akaniangalia mimi, nami bado nimesimama juu ya kiti na kamera shingoni, sina pa kujificha, hata kushuka niliogopa.

Mwanamke mmoja karibu na mlango akasema, si kwa sauti kubwa lakini ilitosha, "Huyu kampiga picha au kamwosha?"

Ndilo lililobaki. Zamani hapa tulikuwa tunasema kuosha picha, enzi za filamu, na wazee bado wanasema hivyo, kwa hiyo mnaona lilivyokaa. Kicheko kikaanzia pale, kikawaingia hata waliokuwa wanalia, kicheko cha watu waliotoka kuogopa, na jina langu la kuzaliwa likaishia uwanjani pale.

Bibi Siwema hakucheka. Alikuwa bado kwenye gari, hajui anachekewa nini. Wakambeba mikononi, wakampitisha katikati ya watu mpaka ndani, na Bi Somoe alinifuata pale kwenye kiti, akanishika kifundo cha mkono, akaniambia, "Na wewe ingia."

Chumba kilikuwa kile kile, kanga madirishani, taa ile ile ya njano. Mwanaidi ameshavalishwa, amekaa mkekani amefunikwa kanga kichwani, amesikia vilio vyote na hakuna aliyemweleza, maskini, na bado macho ameyashusha kwa sababu ndivyo alivyofundwa. Wakamweka bibi yake chini mbele yake. Mwanaidi akavunja mwiko. Akainua macho.

"Bibi," akasema. "Umekuja."

Bibi Siwema akaifunua ile kanga. Akaweka kidole shavuni kwa mjukuu wake, akakiburuta taratibu mpaka kidevuni, akakileta karibu na macho yake. Kilikuwa cha manjano. Akakinusa. Hapo ndipo alipolia, na alilia kwa muda mrefu, kilio alichokizuia tangu jana barazani, na ndani ya boti, na njia yote ya Nyamisati. Mimi nimesimama ukutani na kamera yangu. Nimeona aibu nyingi maishani, nimewahi kuanguka na keki mkononi, lakini kumwona mzee wa watu analia hivyo kwa sababu nilikuwa mvivu kuvuka barabara, hiyo si aibu ya kucheka nayo. Nilitamani ukuta uninyonye.

Bi Somoe akanigeukia. Hakupandisha sauti, hajawahi kupandisha sauti yule mama.

"Nilikwambia nini?"

"Ulisema manjano yatoke."

"Na wewe ukayafanyaje?"

"Nikayatoa," nikasema.

Nikaona neno linazunguka kichwani mwake, linageuka upande wa pili, na linamfikia. Yeye alisema yatoke kama tunavyosema picha imetoka, yaonekane, yang'ae, bibi yake ayaone. Mimi nikaelewa yatoke kama doa linavyotoka. Tumezungumza Kiswahili wote, cha hapa hapa, na kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri. Bi Somoe akakaa chini mkekani, akashika kichwa. Majuma yote yale ya kusugua, na uwanja mzima umeona kwenye simu mwali wa majivu.

"Basi nitolewe mimi," akasema, na hilo nalo sikulipenda kulisikia.

Ni Bibi Siwema aliyetuokoa, kama kuokoa ni neno lake. Alijifuta uso na ncha ya kanga, akauliza mpiga picha ni yupi. Nikajisogeza, nikapiga magoti, nikamwamkia shikamoo, nikaanza kuomba radhi, kuhusu taa, kuhusu shuka, kuhusu kadi niliyoisahau, nikajichanganya mwenyewe. Akanikata.

"Nilitaka picha," akasema. "Picha yangu bado sijaipata. Tupige, mimi na yeye. Manjano yatoke."

Nikamwuliza kwa adabu yote niliyokuwa nayo, "Yatoke yaonekane, Bibi, au yatoke yaondoke?" Mama Mwanaidi akacheka huku analia. Bibi akasema yaonekane, mwanangu, mpaka Mbwera.

Tatizo ni kwamba kadi ilikuwa bado dukani. (Ndiyo, siku ya pili nayo. Nje juani nilidhani sitaihitaji. Msiniangalie hivyo.) Nikaomba kitu cheupe. Wakaniletea leso, ina udi, imefifia. Wakaniletea kanzu ya babake Mwanaidi, imechakaa, imeingia rangi ya maji. Kila kitu nyumbani mle kilikuwa kimeguswa na manjano au moshi, na Bi Somoe alikuwa ananiangalia kila ninachoshika. Kisha macho yangu yakaenda mlangoni, kwa Shamte, amesimama nje ya pazia, furushi lake bado kwapani. Pembe yake moja ilikuwa imefunguka. Bafta mpya kabisa, haijaguswa na maji, nyeupe kweli kweli. Sanda ya Mwanaidi.

Nikabaki naiangalia tu, na Bibi Siwema akafuata macho yangu.

"Ndiyo unayoitaka?"

"Hapana, Bibi," nikasema haraka, na mama Mwanaidi akasema haiwezekani, sanda isimkaribie mwali, huo ni mkosi, itolewe hata hapo mlangoni. Wanawake wote wakamuunga mkono. Bibi akawaacha wamalize.

"Sanda hiyo si yake," akasema. "Kwake hatukukuta maiti. Nimeinunua mimi, basi ni yangu, nitaondoka nayo, siku yangu ikifika mnajua ilipo. Ileteni, apimie."

Aliikunjua kipande mwenyewe, akakishika kifuani pake, chini ya ile taa ya njano, mbali na mjukuu wake, ametulia kama anapimwa gauni. Nikasogeza kamera mpaka weupe ukajaa kwenye kioo, nikaiambia kamera cheupe ndicho hiki, nikarudi nyuma mpaka ukutani. Wakakaa shavu kwa shavu. Nikapiga.

Kisha nikaangalia uso. Niliangalia uso kwanza, nikaukuza, nikauangalia tena, shuka silitaki hata kulijua. Jamani, yalitoka. Njano ya taa imeondoka yote, na manjano yamebaki mahali pake, shavuni, shingoni, kwenye mikono, mng'ao mtulivu wa mtoto aliyetunzwa, na pembeni yake uso wa bibi yake mweusi, mkavu, macho bado yana maji. Nikampa Bi Somoe kamera na miwani yake. Aliangalia mpaka kioo kikazimika chenyewe. Akanirudishia, akaenda kufungua mlango, na ngoma zikaanza upya, na mwali akatolewa, na vigelegele vya siku ile vilikuwa vikubwa kupita harusi zote za Shaabani, maana watu walikuwa wanampigia mtu aliyefufuka.

Kwangu mimi haikuishia hapo. Ile picha ya majivu Shamte alishaipeleka kwa ndugu kabla hajapanda boti, na picha ya msiba inasafiri kuliko ya harusi. Mwezi mzima mumewe Mwanaidi alikuwa anapigiwa simu na watu wanaompa pole, akipokea Mwanaidi wanakata. Juzi tu mtu wa kijiji cha Ngorongo kaja dukani kwangu kwa picha ya pasipoti, nikamwuliza amenijuaje, akasema, "Si ndiye wewe Muosha?" Kadi nyeupe sasa ninaivaa shingoni kwa kamba, naoga nimeitundika mlangoni. Na mteja akiniambia anataka kitu fulani kitoke, simwachi aende mpaka anijibu, kitoke kije au kitoke kiende, hata akiniona punguani.

Asubuhi ya Bibi Siwema kurudi Mbwera nilikwenda kumwona, nimeichapisha picha yao kubwa, nimeiwekea fremu. Alikuwa amekaa mkekani anakunja ile sanda, taratibu, pembe kwa pembe. Akaipokea picha akaiweka mapajani. Nikaanza tena kuomba radhi, akaniambia nimechoka, naye amechoka, tuache.

"Usingemuua," akasema, "mimi boti nisingepanda."

Nikamsaidia kushika upande wa pili wa sanda ili ikunjike sawa, ndipo nikaiona, karibu na pindo, alama ya kidole, ya manjano, pale alipoishika siku ile kabla hajanawa. Nikaona ndio nafasi yangu ya kufaa kitu. Nikamwambia, "Bibi, nipe nikaifue, doa la manjano ukilianika juani linatoka."

Akaivuta sanda kwake, akalikunjia doa kwa ndani.

"Hili lisitoke," akasema.

Mara hii nilimwelewa.